Chausiku kapatikana! Mkia hana tena, lakini yupo

Assalamu alaikum. Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo marahaba nawapa kabisa kabla hamjaamkia. Watu wa Tanga mpo? Ngamiani, Chumbageni, Pongwe, na nyie wa Muheza mnaoniangalia kwa bando la kuazima, karibuni. Leo hakuna matembezi. Nilisema nitawapeleka Ggaba, ufukweni kwa Ziwa Victoria hapa Kampala, mkaone samaki wanavyoshushwa, Ggaba itasubiri. Habari ya leo ni moja: Chausiku, paka wangu aliyepotea, kapatikana.

Ngojeni nigeuze kamera. Huyo hapo. Msicheke jamani. Hiyo plastiki shingoni ni kola ya kumzuia asilambe mshono. Na huko nyuma, ndiyo, mmeona sawasawa, mkia hakuna. Nitaeleza.

Kwa mgeni wa chaneli hii: mimi niko Kampala kikazi, naishi Kisaasi, na Chausiku nilimwokota kwenye mvua akiwa kitoto, mweusi tii, analilia mlangoni kwa muuza mkaa. Kwetu paka ni mwenyeji. Nenda Deep Sea pale Tanga mashua zikishusha samaki, paka wamejipanga na hakuna wa kuwafukuza. Kila mtoto wa madrasa anamjua Abu Huraira, sahaba wa Mtume, na paka wake. Huku ni tofauti kidogo. Wapo wanaofuga kwa ajili ya panya, wapo wanaowapenda hasa, na wapo ambao paka mweusi akikatiza usiku wanabadilisha njia, maana wamekua wakiambiwa ni chombo cha wachawi. Na tusijifanye, hata Tanga yetu hiyo ina watu wa hivyo. Tena Tanga!

Sasa huyu alitoka jioni moja akalala nje. Asubuhi hayupo, na sahani ya mukene haijaguswa. Mukene ndiyo dagaa wa ziwani, na Chausiku kwa mukene hana subira. Hapo nikajua kuna jambo. Nikauliza nyumba kwa nyumba. Nikaenda kwa mwenyekiti wa LC1, ndiyo serikali ya mtaa ya huku, mzee mstaarabu, akaniambia nijaribu kizindaalo. Mitaa mingi huku ina spika zimefungwa juu ya mlingoti, mtu anakaa chini na maiki anatangaza: mtoto kapotea, kuna msiba, kitambulisho kimeokotwa. Nikalipa, tangazo likasomwa kwa Kiluganda, paka mweusi, jike, mkia mrefu. Mtaa mzima ulicheka. Wauza ndizi walicheka. Lakini tangazo likafika.

Lilifika kwa mzee mmoja askari, analinda usiku jengo lisilokwisha nyumba chache kutoka kwetu, saruji na nondo zisiibwe. Huyu mzee ni Mnubi wa Bombo. Si Bombo hospitali yetu, hapana, Bombo mji, barabara ya kwenda Gulu. Anaongea Kiswahili cha jeshini, ngeli zinakwenda zinakotaka, na mimi nakipenda hivyohivyo. Akaja getini akaniambia, "Mama, paka yako haiko mbali. Mnyama kama imeumia, haipigi kelele. Inajificha tu. Kuja usiku na tochi."

Na ndivyo ilivyo, hata daktari baadaye alisema hivyohivyo. Sisi tukipoteza paka tunawaza kaenda mbali, kaibiwa, kavuka barabara kuu. Paka aliyeumia anaingia kwenye kiza cha karibu, anabana kimya, hata umwite kwa jina hajibu, kwa sababu anayelia porini ndiye anayeliwa. Kwa hiyo unamtafuta karibu, na unamtafuta kwa macho. Usiku mtaa ukitulia unashusha tochi chini, unamulika uvunguni, nyuma ya matofali, ndani ya karavati, kwenye mabati. Macho yake yanarudisha mwanga.

Tukayaona chini ya rundo la mabati chakavu. Mzee akainua bati, mimi nikaingiza mkono na taulo. Mkia ulikuwa umening'inia kama kamba ya ndoo, hauna uhai kabisa, na kwenye shina pana kidonda. Nzi walishafika. Nisiwaonyeshe picha, wengine mko mezani. Mzee alipojaribu kunisaidia akakwaruzwa mkono, damu ikatoka.

Hapo naomba msikilize vizuri. Paka naye anapata kichaa cha mbwa. Mara nyingi binadamu hukipata kwa mbwa, sawa, lakini paka aliyekuwa nje siku kadhaa na jeraha usilojua limetokana na nini si wa kupuuzwa. Mzee tukamwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, analalamika maji ya baridi, na kulipokucha akaenda kituo cha afya wamwangalie. Ugonjwa ule dalili zikishaanza, hakuna dawa. Sindano ni kabla.

La pili ni Panadol. Jirani yangu, mama mwema kweli, alikuja na kidonge kimoja na kijiko. "Bambi," ndiyo maskini kwa Kiluganda, "mpe hiki alale." Nikamshika mkono. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile inavyopaswa. Sumu inabaki, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya udongo, na kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua. Ibuprofeni hivyohivyo, hatari. Kama huna daktari karibu, mfunike apate joto, mweke kwenye boksi lenye matundu, usimlazimishe kula wala kunywa, na uanze safari.

Safari yenyewe sasa! Kwanza nilipiga simu duka moja la dawa za mifugo. Kijana akaniuliza, "Ng'ombe au nguruwe?" Nikasema paka. Kimya. Kisha akasema nimlete tu, atamchoma sindano ya kuku ile ya usaha. Bila kumwona! Nikakata simu. Sikatai, wengi wa madaktari wa mifugo huku kazi yao ni ng'ombe, nguruwe na kuku, ndiko riziki iliko, na wanaijua vizuri. Ila kwa paka mtafute anayetibu wanyama wadogo, na Kampala wapo. Wengine wamesomea hapahapa Makerere, chuo kinafundisha udaktari wa mifugo.

Bodaboda wa kwanza aliuliza ndani ya boksi kuna nini. Nilipomwambia paka, akachungulia, akaona rangi, akawasha pikipiki akaniacha na vumbi. Wa pili akasema nauli inapanda kidogo. Kidogo gani, mara mbili! Nikapanda. Foleni ya Kalerwe mnaijua kwa video zangu, sokoni pale magari, mikokoteni na mafungu ya nyanya vyote vinagombea lami moja. Boksi mapajani, Chausiku anakoroma. Nikafurahi nikidhani ametulia. Daktari akanambia paka hukoroma hata akiwa na maumivu makali. Kumbe.

Daktari ni dada mdogo tu kiumri, mikono imetulia. Watu tunadhani ukifika wanaanza kushona. Hakushona. Alimfunua mdomo akatazama ufizi, ulikuwa mweupe. Akapima joto, lilikuwa chini, na paka mzima anatakiwa awe kwenye 38 na kitu, hadi 39. Akasema huyu tukimpa nusukaputi sasa hivi hatuamki naye. Kwanza dripu, joto, dawa ya maumivu ya paka, kisha tutaongea.

Akapapasa tumbo, uso ukabadilika. Kibofu kilikuwa kimejaa kimekuwa kigumu. Akanieleza: gurudumu limepita juu ya mkia, paka akakurupuka kukimbia, mkia ukavutwa kwenye mizizi. Mishipa ya fahamu inayoshuka mkiani inatokea jirani na ile ya kibofu na ya haja kubwa, ukiivuta mmoja umeivuta yote. Kwa hiyo mkia umekufa, na kukojoa hawezi. Mkojo ukikaa, sumu inarudi kwenye damu. Mkia haukuwa ndio wa kumuua, mkojo ndio.

Halafu akachukua koleo, akafinya shina la mkia, pale unapoanzia. Chausiku akageuka akataka kumng'ata. Daktari akacheka, akasema vizuri sana. Akihisi pale, matumaini yapo, na wengi wanaopona hurudisha kibofu ndani ya mwezi hivi.

Alilazwa. Akawekwa mpira wa mkojo, akapigwa eksirei, hali ilipokaa sawa ndipo wakamkata mkia. Kumlisha nako kulikuwa shughuli, maana paka akikaa siku kadhaa bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na ini hulemewa. Hivyo wakampa chakula laini kilichopashwa moto kidogo kinukie, kidole kwa kidole.

Pesa? Nilijua mtauliza, na mjomba wangu ndiye wa kwanza. Bili ilizidi kodi yangu ya nyumba ya mwezi. Sawa, shilingi ya huku nyepesi kuliko yetu, namba zinatisha kuliko thamani, lakini bado ni pesa. Mjomba kasema ningenunua mbuzi. Ningenunua, ndiyo. Mbuzi huyo sikumwokota mimi kwenye mvua. Nililipa kwa mafungu, kliniki wakakubali, na anayeona ni israfu namheshimu, ila mada hii kwangu imefungwa. Mzee wa Bombo nilimpelekea kilo ya sukari na kitenge cha mkewe, akakataa sukari, kitenge akachukua haraka.

Sasa hapa nyumbani kazi iliyobaki ni moja. Daktari kanifundisha kumkamua mkojo. Unamsimamisha kwenye beseni, mkono mmoja kifuani, wa pili unapita chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma. Unakisikia kibofu katikati ya dole gumba na vidole. Hubinyi kwa ghafla, unaminya polepole unaongeza, ukilazimisha unaweza kukipasua. Ukipatia, mkojo unatoka mstari mmoja. Mwanzoni nilikuwa nakikosa, nashika utumbo, yeye ananitazama kwa dharau. Msijaribu kwa video yangu, lazima daktari akuwekee mkono juu ya mkono kwanza.

Na habari kubwa: juzi alikojoa mwenyewe. Kitandani kwangu, kwenye shuka la kutoka Tanga, lile la mkono wa Bi Mkubwa. Nilipiga kigelegele mpaka jirani wa Panadol akaja mbio. Bado hamalizi wote, kwa hiyo bado namkamua, lakini mishipa imeanza.

Bi Mkubwa anataka nije naye Idi. Mama, nimesikia. Nikipita njia ya Mutukula, pale mpakani, na mnyama, lazima awe amechanjwa kichaa cha mbwa, na karatasi za daktari wa serikali ziwe mkononi. Daktari kasema chanjo mpaka apone kabisa. Kwa hiyo Idi hii nakuja peke yangu, Chausiku anabaki kwa mzee wa Bombo, walishakubaliana wenyewe. Haya, wakati wa beseni umefika na ameshaanza kunikwepa, kaingia chini ya kochi. Nawaacha, ngoja nimtoe.