Waliomkabidhi Mfalme Kila Kitu: Copenhagen, 1660

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Wafalme wa Ulaya wa karne ya 17 wanapotajwa, mawazo huenda moja kwa moja kwa Louis XIV wa Ufaransa na jumba lake la Versailles. Leo nawaomba tumwache huko huko. Nataka twende Denmark, mwaka 1660, kwa sababu huko wafanyabiashara na viongozi wa kanisa walimpa mfalme mamlaka yote kwa hiari yao, na nadhani kisa chao kinatufundisha mengi kuliko cha Louis.

Kabla ya mwaka huo, mfalme wa Denmark alikuwa akichaguliwa. Waliomchagua ni baraza la makabaila wakubwa, na hakuvikwa taji mpaka atie saini hati ya masharti waliyomwandikia. Frederik III alipotawazwa mwaka 1648 alibanwa sawasawa: bila baraza hakuweza kufanya jambo lolote kubwa. Kwa hiyo mipaka ilikuwepo, tena imeandikwa. Ila angalieni ilimlinda nani. Makabaila walimiliki sehemu kubwa ya ardhi ya nchi na hawakulipa kodi. Mzigo wote ulikuwa juu ya mkulima na mtu wa mjini.

Mwaka 1657 Denmark ikaingia vitani na Sweden. Baridi ya mwaka uliofuata ilikuwa kali kiasi kwamba bahari kati ya visiwa iliganda, na mfalme wa Sweden, Karl X Gustav, akavusha jeshi lake juu ya barafu. Baadhi ya wapanda farasi walizama, lakini waliobaki walitosha. Denmark ikapoteza Skåne, Halland na Blekinge, majimbo ambayo haijayapata tena hadi leo. Miezi michache baadaye Wasweden wakarudi na kuuzingira mji wa Copenhagen. Mfalme alikataa kukimbia. Wenyeji wa mji wakapanda kwenye kuta pamoja na askari, na usiku mmoja wa Februari 1659 wakalirudisha nyuma shambulio kubwa la adui. Watu wale walikuwa wameahidiwa haki na upendeleo kwa kuulinda mji wao, na ahadi hiyo hawakuisahau.

Amani ilipopatikana mwaka 1660 hazina ilikuwa tupu. Septemba, wawakilishi wa makabaila, wa kanisa na wa miji wakaitwa Copenhagen kutafuta fedha. Wakulima, ambao ndio waliokuwa wengi nchini, hawakualikwa. Ukapendekezwa ushuru wa bidhaa. Makabaila wakakubali, ilmradi wao wenyewe wasamehewe! Fikirini mtu aliyesimama ukutani na bunduki akisikia maneno hayo. Hapo Askofu Hans Svane na meya wa mji, Hans Nansen, wakaunganisha nguvu za kanisa na miji: ufalme uwe wa kurithi, asiwepo tena kabaila wa kumchagua mfalme wala kumwekea sharti. Makabaila wakasita. Mfalme akaamuru malango ya mji yafungwe, asitoke mtu. Baada ya siku chache wakaridhia.

Lakini ufalme wa kurithi si lazima uwe ufalme usio na mipaka. Ile hati ya masharti ilibidi ibadilishwe, na swali likawa: mahali pake iwekwe hati gani? Kamati iliundwa, ikashindwa kukubaliana. Mwishowe hati ile ikabatilishwa, akarudishiwa mfalme, na kazi ya kuandika utaratibu mpya akaachiwa yeye mwenyewe. Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Walijua vizuri nani wanataka kumwondoa, wala hawakuwa wamekubaliana waweke nini mahali pake. Januari 1661 kila kundi likaletewa waraka wa kutia saini, unaosema mfalme ana mamlaka kamili. Baraza lile la wawakilishi halikuitwa tena. Mwaka 1665 Peder Schumacher, mtumishi wa mfalme, akaiandika Sheria ya Mfalme: mfalme yuko juu ya sheria zote za wanadamu, hakimu wake ni Mungu peke yake. Sheria hiyo haikuchapishwa hadi 1709.

Mwaka huo huo wa 1660, mwezi Mei, London nayo ilimpokea mfalme kwa shangwe: Charles II, ambaye baba yake alikatwa kichwa mwaka 1649. Ila aliyemrudisha ni Bunge, na Bunge lilibaki na kauli juu ya fedha. Njia haikuwa nyoofu. Mdogo wake, James II, aliidhinishiwa mapato manono mwaka 1685, na alipoona yanamtosha akaliahirisha Bunge, lisikutane tena katika utawala wake wote. Uingereza ilikuwa karibu kufuata njia ya Denmark. Baada ya James kukimbia mwaka 1688, Hati ya Haki ya 1689 ikakataza mfalme kutoza kodi, au kuweka jeshi wakati wa amani, bila ridhaa ya Bunge. Zaidi ya hayo, wabunge wakakataa kumpa William III, mfalme aliyechukua nafasi ya James, ushuru wa forodha wa maisha, wakampa wa miaka minne tu. Kwa maoni yangu, ile miaka minne ilifanya kazi kubwa kuliko maneno yote ya Hati.

Na Denmark? Lazima tuwe waadilifu: mwaka 1683 nchi nzima ilipata kitabu kimoja cha sheria, na watu wasio makabaila wakapata vyeo serikalini. Lakini yule mkulima ambaye hakualikwa, mwaka 1733 mfalme aliwafunga wanaume wa mashambani wa umri wa miaka 14 hadi 36 wasihame mashamba walikozaliwa, ili mwenye ardhi apate vibarua na jeshi lipate askari. Kifungo hicho kilianza kulegezwa mwaka 1788, kwa amri ya serikali ya ufalme ule ule usio na mipaka.

Katiba ilikuja tarehe 5 Juni 1849, kwa saini ya Frederik VII. Wanaume wa miaka 30 na zaidi wenye kaya zao wakapata kura. Watumishi wa majumbani, maskini waliokuwa wakipokea msaada, na wanawake wote, hawakupata.