Sarafu Iliyojitokeza Bakulini

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Kabla sijaandika chochote ubaoni, naomba mama mmoja aje hapa mezani. Karibu, mama. Ndani ya bakuli hili nimebandika sarafu ya shilingi 200 kwa nta. Rudi nyuma taratibu mpaka ukingo uifiche. Haionekani tena? Simama hapo hapo, usiinue kichwa. Namimina maji.

Mmemsikia: imetokea!

Sarafu haijasogea hata chembe, wala mama hajasogea. Kilichobadilika ni njia ya nuru. Nuru ya sarafu ikitoka majini kuingia hewani hulala zaidi, ikapita juu ya ukingo na kumfikia mama jichoni. Jicho halina habari na kona hiyo. Linaamini nuru imekuja moja kwa moja, basi linaiweka sarafu juu kuliko ilipo. Mvuvi wa mkuki analijua hili bila ubao: hulenga chini ya pale anapomwona samaki.

Kwa nini nuru ipinde? Kwa sababu ya mwendo. Hewani nuru hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, majini kama 225,000, ndani ya kioo cha kawaida kama 200,000. Fikirieni mkokoteni unaoacha lami na kuingia mchangani kwa mshazari. Gurudumu linalotangulia linazama na kuchelewa, lenzake bado linateleza juu ya lami, na mkokoteni mzima unageuka. Magurudumu yote mawili yakiingia kwa pamoja, utapunguza mwendo tu, hautageuka. Nuru nayo ni hivyo hivyo. Wanafunzi wengi hukariri kanuni ya pembe, ile inayopima nuru inapinda kiasi gani, bila kuuona mkokoteni huu, na hapo ndipo wanapokwama.

Kanuni yenyewe vitabuni hupewa jina la Snell, Mholanzi wa mwaka 1621. Lakini Ibn Sahl wa Baghdad alikwisha kuitumia mnamo mwaka 984, katika risala yake kuhusu lenzi za kuunguzia. Walimu mlioko hapa, nawaomba mtajeni darasani.

Sasa linaloniuma. Mtoto akichungulia chini moja kwa moja kwenye bwawa lenye kina cha mita 2, huona kama mita 1.5. Akitazama kwa mshazari, huona kina kifupi zaidi, akaamini miguu yake itafika chini, akajitosa. Kwa hiyo leo watoto waanze. Njooni mezani, wadogo mbele, kila mmoja aifiche sarafu mwenyewe kisha nimmiminie maji.