Mashine Ikisema Hapana, Nani Ajibu?

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, walimu na vijana mliofika, nawashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie teknolojia, sera za serikali na jamii ya sasa. Uwanja huo ni mpana, na mtu akitaka kuuzunguka wote kwa saa moja atachoka yeye na kuwachosha wanaomsikiliza. Nitasimama mahali pamoja tu: pale raia anapoambiwa na mashine kwamba amekosea, au hastahili, au hayupo, na yeye anajua si kweli.

Niliwahi kusimama mahali hapo na shangazi yangu. Tulikwenda katika ofisi moja ya umma kuhakiki taarifa zake ili aendelee kupata mafao. Shangazi amefanya kazi za mikono tangu usichana wake. Karani akamwambia aweke kidole cha shahada kwenye kile kioo kidogo. Taa nyekundu. Akakifuta kidole, akakiweka tena. Nyekundu. Kidole gumba, nyekundu. Tukavimaliza vyote kumi. Ukivitazama kwa karibu unaelewa mara moja: ncha za vidole vile zimesuguliwa na kazi hadi mistari imefutika, zimekuwa laini kama kokoto za mtoni. Karani alikuwa kijana mpole, wala hakuwa na nia mbaya. Akatugeuzia skrini tuione, akasema, "Mama, mfumo unasema si wewe." Shangazi akamwuliza, "Na wewe, mwanangu, unasemaje?"

Yule kijana hakuwa na la kusema. Si kwamba hakumwona, alimwona. Kitambulisho chenye picha kilikuwa mezani, na uso ule ule ulikuwa mbele yake. Ila kazi yake ilikuwa imepangwa hivi kwamba macho yake hayakuhesabiwa.

Niseme mapema kwamba siichukii kompyuta. Nimeishi kwa hiyo, imenilisha. Najua foleni zilizofupishwa, faili zilizokuwa zikipotea na sasa hazipotei, rushwa iliyokosa pa kupenya kwa sababu malipo yanakwenda moja kwa moja. Anayetaka turudi kwenye makabati ya karatasi amesahau mateso ya makabati ya karatasi. Ninachokipinga ni kitu kimoja, nacho ni uamuzi wa binadamu, si wa mashine: kwamba raia na mfumo wakitofautiana, raia ndiye atakayethibitisha.

Hebu niwapeleke Uingereza. Mwaka 1999 Posta ya nchi ile ilianza kuweka kwenye matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Matawi mengi huendeshwa na mawakala, watu wa kawaida wanaoheshimika na majirani zao. Jioni wakala anafunga hesabu, mfumo unamwambia fedha zimepungua. Anahesabu upya, noti kwa noti, sarafu kwa sarafu. Zimepungua. Mkataba unamtaka afidie upungufu. Wengine walitoa akiba zao, wengine waliweka nyumba rehani, wengine walikopa kwa ndugu. Mama mmoja, Jo Hamilton, ameeleza hadharani jinsi alivyopiga simu ya msaada, akafuata maelekezo hatua kwa hatua, na upungufu wa pauni 2,000 ukageuka kuwa pauni 4,000 mbele ya macho yake. Na wengi waliopiga simu ile waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo.

Hilo la mwisho hunikosesha usingizi. Kumwambia mtu "ni wewe peke yako" ni kumfungia chumba na kuchukua ufunguo. Mtu aliye peke yake huanza kujishuku. Anajiuliza kama anasahau, kama mwanawe anaiba, kama mumewe anamficha kitu.

Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo kwa ushahidi uliotokana na mfumo ule. Wapo waliofungwa. Wapo waliofariki kabla majina yao hayajasafishwa. Na kesi nyingi zilifunguliwa na Posta yenyewe, maana sheria ya kule inairuhusu taasisi kushtaki: mlalamikaji ni yeye, mpelelezi ni yeye, mwendesha mashtaka ni yeye. Wahenga walishaliona, kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

Sasa tazameni sera ilivyosaidia. Zamani sheria ya Uingereza na Wales ilimtaka anayeleta mahakamani ushahidi wa kompyuta aonyeshe kwanza kwamba kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Watu wa mashtaka walilalamika kwamba kifungu hicho kinawachelewesha. Mwaka 1999, mwaka ule ule Horizon ulipoanza kusambazwa, Bunge likapitisha sheria ya kukifuta. Tangu hapo mahakama huchukulia kwamba kompyuta iko sawa, mpaka anayepinga alete ushahidi wa kuitilia shaka. Na wakala wa posta angeupata wapi ushahidi huo? Kumbukumbu za mfumo zinashikwa na kampuni. Msimbo wa programu ni siri ya biashara. Wataalamu wanaoujua ni waajiriwa wa upande wa pili. Umemwambia mtu athibitishe kilichomo ndani ya sanduku ambalo umemkataza kulifungua.

Ilichukua miaka mingi. Wakala mmoja aliyekataa kunyamaza, Alan Bates, aliwatafuta wenzake mmoja mmoja hadi 555 wakafungua kesi ya pamoja, na Desemba 2019 Mahakama Kuu ikatamka kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu usiokuwepo. Walipokutana tu ndipo walipogundua hawakuwa peke yao.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hilo ni la programu mbovu, tuandike programu nzuri tu. Ndiyo maana nataka mwitazame Australia, ambako programu ilifanya hasa kile ilichoagizwa. Serikali ilitaka kuwabaini watu waliolipwa msaada wa ukosefu wa kazi isivyo halali. Msaada ule huhesabiwa kila wiki mbili: wiki mbili hizi nimepata kiasi gani, napewa kiasi gani. Lakini idara ya kodi ina kipato cha mwaka mzima. Mpango uliokuja kujulikana kama Robodebt ulichukua kipato cha mwaka, ukakigawa kwa 26, yaani idadi ya vipindi vya wiki mbili katika mwaka, ukalinganisha na kile mtu alichokuwa ameitangazia serikali.

Chukueni kalamu. Kijana amefanya kazi nusu ya kwanza ya mwaka, vipindi 13 vya wiki mbili, kila kipindi akipata dola 1,000. Jumla 13,000. Nusu ya pili amekosa kazi, akaomba msaada, akasema ukweli kwamba kipato chake ni sifuri. Gawanya 13,000 kwa 26, unapata 500. Mashine inasema: kila wiki mbili za mwaka mzima ulikuwa unapata dola 500, kwa hiyo ulipotuambia sifuri ulidanganya, na hili hapa deni lako. Mtoto wa darasa la sita anaiona kasoro hii. Kumbe ndani ya serikali nayo ilionekana, wanasheria walishatahadharisha, na bado barua ziliendelea kutumwa. Aliyepokea barua alitakiwa atafute karatasi za mishahara ya miaka iliyopita, kwa waajiri ambao wengine walishafunga biashara. Mwaka 2020 serikali ilikubali kurudisha fedha za madeni yapatayo 470,000. Tume ya kifalme, yaani tume rasmi ya uchunguzi, iliyoongozwa na Catherine Holmes ilitoa ripoti Julai 2023, nayo ikasema wazi kwamba mpango ule ulikuwa wa kikatili, haukuwa wa haki wala halali.

Hapo hakuna hitilafu ya kiufundi hata moja. Kugawa kulifanyika sawasawa. Kilichopinduliwa ni mzigo wa kuthibitisha: zamani mtumishi wa serikali ndiye aliyefuatilia na kuhakikisha deni lipo kabla ya kudai, na kazi hiyo ikahamishiwa kwa mdaiwa. Ukiisikia serikali yoyote ikijisifu kwamba mfumo mpya umeokoa saa kadhaa za watumishi, ulizeni saa hizo zimehamia kwa nani. Mara nyingi zimehamia kwa mama aliyesimama foleni na mtoto mgongoni.

Uholanzi sitakaa sana. Maelfu kwa maelfu ya wazazi waliitwa matapeli katika malipo ya malezi ya watoto, wengine kwa kukosa sahihi moja kwenye fomu, na ilibainika kwamba kuwa na uraia wa nchi mbili kulitumika miongoni mwa vigezo vya kumshuku mtu. Serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu Januari 2021. Mawaziri wanaondoka, madeni na familia zilizovunjika zinabaki.

Kuna habari ya zamani kidogo ambayo naipenda kwa sababu ndani yake yupo mtu aliyesikilizwa, ingawa kwa kuchelewa. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita, Marekani na Kanada, kwa mionzi iliyozidi mno kipimo. Baadhi yao walikufa. Katika hospitali moja ya Texas, mwaka 1986, mwendeshaji aliandika herufi isiyo yake, akaona, akarudi haraka akaisahihisha. Skrini ikaandika "hitilafu 54", bila maelezo, tena ikaonyesha kwamba mgonjwa amepata kipimo pungufu. Akabonyeza kitufe cha kuendelea. Mgonjwa alikuwa akiungua mle ndani. Watengenezaji walishikilia kwamba mashine yao haiwezi kuzidisha kipimo. Wiki chache baadaye ikatokea tena, mwendeshaji yule yule, hospitali ile ile. Safari hii mtaalamu wa fizikia wa hospitali alikaa na mwendeshaji, wakarudia kuandika, wakarudia tena na tena, mpaka wakaigundua siri: ukisahihisha kwa haraka mno, kama afanyavyo mtu aliyeizoea kazi, hitilafu inajitokeza. Kosa lile halikugunduliwa na waliouza mashine. Liligunduliwa kwa vidole vya aliyekuwa akiitumia kila siku.

Na lile neno "hitilafu 54", pamoja na ubovu wake, angalau lilikuwa kelele. Lilikwaruza sikio. Hofu yangu kwa akili unde ya sasa, ile mashine inayojibu kwa maneno kama mtu, ni kwamba kosa lake halikwaruzi. Linakuja kwa sentensi nyoofu, kwa adabu, lina mwanzo na mwisho. Ofisi itakayomjibu raia kwa mashine ya namna hiyo itakuwa imeondoa hata ile taa nyekundu iliyomfanya shangazi ajue kwamba kuna jambo la kubishania.

Sheria zimeanza kusogea. Kanuni ya data ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 inampa mtu haki ya kutowekwa chini ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Ujanja umejificha kwenye maneno hayo mawili, "peke yake". Weka karani mmoja, mpe maombi mia kwa siku, mwambie abonyeze "kubali", na utasema binadamu ameshiriki. Binadamu wa hivyo ni muhuri. Kwangu mimi, mtu hajashiriki mpaka awe na mambo matatu kwa pamoja: muda wa kusoma, uwezo wa kukataa, na hakika kwamba akikataa hataandikiwa barua ya onyo.

Shangazi alirudi ofisini pale mara tatu. Mara ya tatu tulimkuta mama wa makamo, akafungua droo, akatoa daftari la zamani la waajiriwa, akamwuliza jina la msimamizi wake wa kwanza na mwaka alioanza kazi. Akalinganisha sahihi, akaandika maelezo mistari minne, akasaini jina lake mwenyewe. Haikufika dakika kumi. Baadaye nilisikia kwamba daftari lile limeondolewa ili "kukamilisha mabadiliko ya kidijitali". Nawasihi ninyi mnaonunua mifumo, na mnaoandika mikataba yake: acheni droo ile. Andikeni ndani ya mkataba kwamba kumbukumbu zitafunguliwa kwa raia anayebisha, na kwamba mpaka ubishi uishe fedha yake haikatwi.

Mei 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta kwa mkupuo hukumu za mamia ya mawakala wa posta, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa bunge kulifanya. Ni haki yao, na imechelewa. Lakini sheria hiyo haikuigusa ile dhana ya kwamba kompyuta iko sawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Waliohukumiwa kwayo wamesafishwa, nayo ikaachwa pale pale ilipokuwa. Ningependa tuanzie maswali hapo.