Vigingi vya miaka mitano, kipimo cha miaka miwili

Ahsante, mwenyekiti. Tunajadili kama kamati ya vyeo impime mtafiti kwa kipimo cha athari (impact factor) cha jarida alimochapisha, yaani namba inayoonyesha makala za jarida hilo hutajwa na watafiti wengine kwa wastani mara ngapi. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia kwenye vigingi. Naam, naanzia huko huko.

Ukitaka kujua mbao itahimili ardhini muda gani, unachonga kigingi cha milimita 500 kwa 50 kwa 25, unakizika nusu, unangoja. Kila mwaka unakichomoa, unatafuta mchwa na uozo, unakipa alama: 0 kikiwa kizima, 4 kikiwa kimekatika. Utaratibu wa Ulaya, EN 252, unadai miaka isiyopungua mitano. Mchwa huwezi kumharakisha.

Sasa shikeni kalamu. Kipimo cha athari cha jarida kwa mwaka 2024 ni idadi ya mara ambazo makala zake za 2022 na 2023 zilitajwa mwaka 2024, ukigawa kwa idadi ya makala hizo. Miaka miwili tu! Nikichapisha matokeo ya vigingi vyangu leo, mwenzangu wa Kumasi, Ghana, akayasoma, akachonga vyake kesho asubuhi, atamaliza lini? Miaka mitano. Aandike, wahakiki wasome, arudishiwe, asahihishe: wa sita, wa saba. Ndipo anitaje. Kutajwa huko hakuliongezei jarida hata nukta moja, maana dirisha lilishafungwa.

Nawasikia mnanong'ona: "Profesa, kipo cha miaka mitano." Kipo. Pigeni hesabu tena! Mwenzangu ndiyo kwanza anachomoa kigingi cha mwisho.

Wala sina ugomvi na nanoselulosi, zile nyuzi ndogo mno zinazotolewa kwenye mbao. Ni kazi nzuri, na wanafunzi wangu wawili wanaifanya. Lakini sampuli yake hutengenezwa kwa wiki chache, hupimwa, huandikwa, na wenzao duniani huitaja mwaka uleule. Mhariri anayechungulia namba ataipa kurasa. Kijana anayetaka cheo naye ataifuata. Basi nani atabaki kumjibu fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, anayeuliza kama mbao hii mpya aliyoletewa badala ya mninga inafaa mlango wa nje, unaonyeshewa mvua? Swali lake ni la sayansi kamili. Linaniuma kila ninapolikuta halina mtu.

Kisha tunalinganishwa na madaktari! Lipo jarida la saratani ambalo kipimo chake kimepita 100. Majarida yetu ya mbao yakifika 3 tunafurahi. Sisi ni wachache, na wachache hutajana mara chache. Ubora wa kazi hauonekani hapo.

Eugene Garfield, aliyependekeza mwaka 1955 faharasa ya marejeo, yaani orodha ya makala ipi imetajwa na ipi, ambayo kipimo hiki kilizaliwa kwayo, alionya mwenyewe namba hii isitumike kumhukumu mtafiti mmoja mmoja. Azimio la San Francisco la 2012, la wahariri na wachapishaji kuhusu kutathmini utafiti, likasema hivyo hivyo. Nilitaka pia kuwaonyesha jinsi makala tano zinavyoweza kubeba wastani wa jarida zima huku nyingine hazitajwi kabisa, ila naona mwenyekiti ananionyesha saa.

Ninachoomba kwa kamati ya vyeo ni kimoja: isomeni makala. Isomeni yote, pamoja na majedwali. Na anayetaka kuviona vigingi, viko nyuma ya karakana. Huu ni mwaka wa nne, tunavichomoa Jumatatu.