Msuli Huvuta, Hausukumi
Mhadhara kwa wabeba mizigo na wafanyabiashara wa sokoni, Kariakoo, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi? Najua wengine mmeacha mizigo kwa jamaa, kwa hiyo sitawachosha na orodha. Mifupa ya mtu mzima ni 206, misuli inazidi 600, basi. Majina tuwaachie wanafunzi wa udaktari pale Muhimbili.

Nilichokuja nacho ni hiki: hakuna msuli hata mmoja mwilini unaosukuma. Kaka wa mkokoteni, naona unacheka. Njoo hapa mbele. Kwa mkono wa kushoto shika nyuma ya mkono wako wa kulia, juu ya kiwiko, halafu sukuma hii meza kwa huo wa kulia. Umesikia nyama ilivyokaza? Huo msuli umejifupisha, umevuta ncha ya mfupa nyuma ya kiwiko, mkono ukanyooka. Meza imesukumwa, ila msuli umevuta tu. Na kuukunja tena hauwezi. Lazima wa mbele uvute, huu ulegee.

Sasa tuje mgongoni, maana huko ndiko mnakolalamikia. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, ukiacha ndoo yenyewe. Ukiinama ukainyanyua ikiwa mbali na mwili, tuseme sentimita 50 kutoka kiunoni, inakuvuta mbele. Misuli ya mgongo inayokuzuia usianguke imeshika nyuma ya pingili za uti wa mgongo, sentimita 5 tu hivi kutoka pale zinapopindia. Pigeni hesabu: inabidi ivute kama inayonyanyua kilo 200, na hapo sijaweka uzito wa kiwiliwili chako. Nguvu yote hiyo inaziminya pingili za kiuno na visahani vya gegedu, yaani mfupa laini, vilivyo katikati yake. Isogeze ndoo hadi sentimita 25, zile 200 zinakuwa 100. Maji ni yale yale!

Mama anauliza, na sisi tunaobeba kichwani? Mama, kichwani mzigo umekaa juu ya uti wa mgongo wenyewe, kwa hiyo misuli ya mgongo haina mengi ya kuvuta. Akina bibi hawakukosea. Ila shingo ina pingili 7 tu, tena ndogo, na mimi ninachokiogopa ni ule wakati wa kujitwika peke yako. Omba mtu akutwike, hakuna aibu.

Lakini msiondoke hapa mkidhani mzigo ni adui wa mfupa. Mfupa uko hai, una damu, una seli zinazoula na nyingine zinazoujenga, kutwa kucha. Ukitumikishwa kwa kiasi, unajengwa. Ukistareheshwa mno, unaliwa. Wanaanga wakikaa huko juu bila mazoezi makali, mifupa ya nyonga hupungua kama asilimia 1 kila mwezi.

Na ujenzi unataka kalisi, yale madini wengine huyaita kalsiamu. Damu ikipungukiwa nayo, mwili huichota mfupani bila kukuomba ruhusa. Kwa hiyo mkipika dagaa, vichwa nawasamehe, najua vina uchungu. Miiba tafuneni.

Haya, nani ana swali?