Mkebe wa makaa na hesabu ya pato la taifa

Asanteni kwa kuja, na nyinyi mmesimama huko nyuma songeni, viti bado viko hapa mbele. Nimebeba mkebe wa makaa, ule wa kawaida wa kupimia pale kibandani, kwa sababu mtu akiniuliza maliasili zinachangia kiasi gani kwa uchumi wa Kenya mimi humwonyesha huu kwanza.

Tuseme huu mkebe nauza shilingi 100. Kukata mti, kuchoma, gunia, lori mpaka Nairobi, jumla tuseme ni 70. Ile 30 imebaki ndiyo Benki ya Dunia inahesabu kama pato la maliasili, si bei ya kuuza, ni kinachobaki ukishatoa gharama, halafu wanajumlisha mafuta, gesi, makaa ya mawe, madini na misitu wanaangalia ni asilimia ngapi ya pato la taifa. Iraq mafuta peke yake yanapita robo ya uchumi. Sisi ni asilimia chache tu, na sehemu kubwa ni miti, yaani kuni, makaa na mbao.

Sasa hapo ndipo huwa nashikwa na uchungu. Hiyo 30 inaingia kwa vitabu kama mapato, lakini kisiki kilichobaki hakiandikwi popote kwa hesabu hiyo. Baba akiuza kipande cha shamba alipe fees, mwaka huo nyumbani pesa inaonekana, lakini mwaka unaofuata hakuna pa kupanda mahindi, na hakuna mtu atasema huyo mzee alipata mshahara, aliuza mali. Nchi nayo ni hivyo hivyo.

Halafu kuna vitu havimo kabisa. Kwa madini wanahesabu kumi tu, kina dhahabu, shaba, chuma, bati, fosfeti na wenzake. Titaniamu ya Kwale haimo, na ilikuwa inapakiwa melini tangu 2014 mpaka uchimbaji ukaisha Desemba 2024, na sasa Kwale imebaki na mashimo ya kufukiwa na vijana wanaotafuta kazi ingine. Magadi ya kule Kajiado, inachimbwa zaidi ya miaka mia, haimo. Kwa hivyo ukisoma ile asilimia ujue inaongea juu ya kuni zaidi kuliko migodi.

Na mchanga! Mchanga haumo pia, na angalieni hii Nairobi, kila ghorofa mnaona hapo nje imesimama juu ya mchanga wa Ukambani, Machakos na Makueni, malori usiku kucha Mombasa Road. Mto wa kule hauna maji juu miezi mingi, maji yamejificha ndani ya mchanga, mama anachimba kwa kibakuli, anangoja kidogo, yanachuruzika, anachota pole pole mpaka mtungi ujae. Ukishabeba mchanga mwamba unabaki wazi, mvua ikinyesha maji yanapita mbio mpaka baharini, na huyo mama sasa anatembea kilomita kadhaa. Makueni walilielewa hili mapema, wakapitisha sheria yao ya mchanga 2015.

Haya, nani anataka kuuliza? Wewe dada wa shati ya kijani, halafu mzee hapo mlangoni.