Kibati namba 31

REHE: Haya wadau karibuni tena, mi Rehe, huyu hapa Mudi, na leo tulipanga tuongelee tafiti za maktaba, nani anapata taarifa na nani hapati na kwa nini, tumeandaa kabisa, mafunzo matatu, tumeyaandika. Ila mwenzangu kaingia studio hana begi.

MUDI: Usianze.

REHE: Wadau mnalijua lile begi la bluu. Lile begi limehudhuria harusi. Limekaa meza kuu.

MUDI: Begi lipo. Lipo salama.

REHE: Liko wapi?

MUDI: Maktaba.

REHE: Tangu lini?

MUDI: Jumanne.

REHE: Leo Ijumaa, Mudi.

MUDI: Sasa ngoja nieleze watu wasinielewe vibaya. Nilienda maktaba ya chuo kimoja, jina naliacha. Mnajua marehemu babu yetu alihamishwa kwenye ile Operesheni Vijiji miaka ya sabini, sasa juzi msibani baba mdogo ananiambia kuna kijana wa chuo alikuja kipindi kile na daftari lake, akakaa na babu siku mbili anamhoji, kwa ajili ya thesisi, ule utafiti wa kumalizia chuo. Yani maneno ya babu yangu mwenyewe yapo kwenye rafu mahali fulani, na sisi kwenye ukoo hatuna hata picha yake moja nzuri. Nikasema hii lazima niitafute. Nafika getini, mlinzi anasema begi haliingii. Sawa, nampa begi, ananipa kibati. Kimekatwa kwa mkasi wa bati, kimetobolewa tundu, kina kamba ya katani, na namba imeandikwa kwa rangi ya kucha. Nyekundu. 31.

REHE: Unacho hapo?

MUDI: Hiki hapa.

REHE: Subhanallah. Wadau kanikabidhi, kweli ni rangi ya kucha, na mwandiko mzuri kabisa, aliyeandika hii alijipaka kwanza mwenyewe.

MUDI: Afu anaomba barua ya utambulisho. Namuuliza ya nani, ananiambia ya mwajiri wako au ya serikali ya mtaa. Nikampa kitambulisho cha NIDA akakigeuza mbele nyuma kama anakagua noti bandia, akasema leo pita, siku nyingine njoo na barua. Nikapita. Kaunta kuna mama mkutubi, kavaa miwani, anaandika kitu, hajanikaripia wala nini, na mi nikasimama pale nikiwa na swali langu zima kichwani, naomba thesisi iliyomhoji babu yangu mkoa fulani miaka ya sabini. Unajua kilichotoka mdomoni?

REHE: Nini?

MUDI: "Samahani mama, vitabu vya historia viko wapi?"

REHE: Aah Mudi!

MUDI: Akanionyesha kidole, ghorofa ya pili. Nikaenda ghorofa ya pili, nimezunguka dakika arobaini kati ya Warumi na Bismarck.

REHE: Thesisi haziwekwi huko hata siku moja. Zina chumba chake, unaomba kaunta unaletewa, hutoki nayo. Ungesema neno "thesisi" tu angenyanyuka.

MUDI: Najua sasa hivi. Na kuna mtu alishaandika hili jambo, Robert Taylor, Mmarekani, 1968, anasema mtu akifika kwa mkutubi haulizi anachokitaka, anauliza anachodhani mkutubi anaweza kumjibu. Anakikatakata kile anachotaka mpaka kiingie kwenye kaunta. Mi babu yangu nilimkata akawa "vitabu vya historia".

REHE: Hiyo tulifundishwa Bagamoyo, mwaka wa kwanza.

MUDI: Wadau, mnywe maji, kataja Bagamoyo.

REHE: Cheti changu cha ukutubi nimekisotea, nitakitaja. Haya endelea, begi limebakije?

MUDI: Natoka saa tisa na nusu, chumba cha mabegi kina kufuli. Mlinzi wa asubuhi kaondoka, kabadilishana zamu, na ufunguo kaondoka nao. Wa jioni ananiambia subiri anapigiwa simu. Mtoto namchukua shule saa kumi. Nikaondoka.

REHE: Na Jumatano?

MUDI: Jumatano nilikuwa bize.

REHE: Alhamisi?

MUDI: ...

REHE: Mudi, kwenye begi kuna nini?

MUDI: Mwavuli, daftari la kipindi, chaja.

REHE: Na?

MUDI: Maandazi manne.

REHE: (anacheka) Ya shemeji?

MUDI: Ya nazi.

REHE: Ya nazi! Joto hili la Dar, tangu Jumanne, chumba kimefungwa! Mudi lile si begi tena, pale kuna viumbe. Ile sehemu ya 31 sisimizi wameshachukua barua ya utambulisho serikali ya mtaa.

MUDI: Sasa cheka, ila mi nakwambia ndo maana nilitaka hii mada, kwa sababu kinachonizuia kurudi kina jina. Kuna mama anaitwa Constance Mellon, 1986, chuo kimoja kusini mwa Marekani, miaka miwili anakusanya maandishi ya wanafunzi, wanafunzi 6,000, wanaandika kama diari jinsi walivyojisikia kutafuta vitu maktaba. Asilimia 75 mpaka 85 katika kila darasa wameandika habari za woga. Woga! Mmoja mmoja anaona wenzake wote wanajua ila yeye tu, anaona kutokujua ni aibu, na akiuliza ndo atakuwa kajianika. Ile ndo mimi pale kaunta, kama kanipiga picha. Na 1992 mwingine, Sharon Bostick, akatengeneza mpaka dodoso la kuupima huo woga.

REHE: Na hiyo makala ya Mellon uliisomea wapi?

MUDI: Kwenye daladala. Kwenye simu.

REHE: Bure?

MUDI: Lile jarida liko wazi, unapakua tu.

REHE: Kwa hiyo utafiti wa kuogopa maktaba umeupata bila kukanyaga maktaba.

MUDI: Ndo uzuri wake!

REHE: Sawa, ila mi hapo ndo nakukatalia. We unasema woga, mi nasema geti. Mlinzi, barua, begi, kufuli, ufunguo umeenda Mbagala. Mtu kawekewa vikwazo vitano kabla hajaona kitabu halafu tunamwambia una woga, nenda ukapimwe. Mi nimesoma kazi hii, ninayoitetea ni kazi yangu, na nakwambia mlango ndo wenye kosa.

MUDI: Wale wa Mellon hawakuwa na mlinzi. Hakuna aliyewaomba barua. Rafu ziko wazi, mtu anaingia na begi lake na maandazi yake, na bado wanaogopa. Utasemaje ni geti?

REHE: Kusini mwa Marekani umesema? 1961, Jackson, Mississippi, wanafunzi tisa weusi wa chuo cha Tougaloo waliingia maktaba ya umma ya Wazungu, wakakaa, wakasoma. Wamekamatwa na polisi. Kwa kusoma! Kwa hiyo usiniambie mlango wa kule haukuwa na mtu. Ulikuwa na mtu, alishaondoka tu, harufu yake imebaki.

MUDI: Kama maandazi.

REHE: Kama maandazi. Na Nairobi pale, maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili wa mawe kwenye ngazi, imefunguliwa 1931, kwa ajili ya Wazungu peke yao mpaka karibu na uhuru. Mwaka uleule, 1931, Ranganathan kule Madras India anachapisha kanuni zake tano za ukutubi, vitabu ni vya kutumika, kila msomaji na kitabu chake, okoa muda wa msomaji. Mwaka mmoja! Huku mtu anaandika kila msomaji na kitabu chake, huku wengine wanaweka simba.

MUDI: Hiyo nzuri, sibishi. Ila wale tisa wa Tougaloo ndo wananisaidia mimi.

REHE: Wanakusaidiaje?

MUDI: Waliingia! Geti lipo, sheria ipo, polisi wapo, na wakaingia. Mi sina polisi, nina mlinzi mzee wa watu ambaye hata kaniambia pita, na siwezi kurudi kuchukua begi langu mwenyewe. Kwa hiyo kizuizi hakiko getini, kiko humu.

REHE: Walikuwa tisa, Mudi. Walijipanga, walijua wanachokwenda kufanya. We ulikuwa peke yako na maandazi.

MUDI: (anacheka) Hiyo si hoja.

REHE: Ni hoja. Na huo woga wako nani kakufundisha? Shuleni kwenu maktaba ilikuwaje?

MUDI: Kabati. Kabati moja ofisini kwa mwalimu wa taaluma, kioo, kufuli, ndani vitabu vya msaada bado vina nailoni.

REHE: Na ufunguo?

MUDI: Kwa mwalimu wa taaluma.

REHE: Na mwalimu wa taaluma alikuwa na nini kingine mkononi?

MUDI: Fimbo. Ila Rehe, wenzangu walisoma shule ileile, kuna mmoja leo anashinda maktaba kama kwake. Kabati moja, fimbo moja. Mbona yeye haogopi?

REHE: Huyo alikuwa monita, ufunguo alikuwa anatumwa yeye.

MUDI: Hukumjua hata jina.

REHE: Alikuwa monita?

MUDI: ...Alikuwa kiranja wa taaluma. Lakini bado! Unakwepa. Nakuuliza hivi, kesho waondoe mlinzi, waondoe barua, begi liingie. Watu watajaa?

REHE: Watajaa.

MUDI: Hawatajaa.

REHE: Watajaa, na wasipojaa ni kwa sababu wameshazoea kufukuzwa, wape muda.

MUDI: Hiyo sasa haiwezi kushindwa, wakija umeshinda, wasipokuja umeshinda.

REHE: Na yako? Mtu akifukuzwa ana woga, asipofukuzwa ana woga. Yako pia haishindwi.

MUDI: Basi tuko sare.

REHE: Hatuko sare, mi ndo niko sahihi, ila tuendelee. Kuna mtafiti mwingine, Elfreda Chatman, yeye alikaa na wafanya usafi wa chuo kikuu, wale wanaofagia humohumo ndani ya jengo lililojaa habari. Akaona hawaulizi. Si wajinga, wanapiga hesabu: nikiuliza watajua nina shida, na wakijua nina shida nitapoteza kitu. Wanaficha, wanajikaushia. Sasa huo si woga wa kitoto, hiyo ni akili. Wameona kuuliza kuna bei.

MUDI: Lakini hapo hakuna geti. Wako ndani tayari, wana funguo za milango yote!

REHE: Za milango, ndiyo.

MUDI: Unaona?

REHE: Geti si lazima liwe la chuma, Mudi!

MUDI: Aah sasa ukishasema geti si la chuma umehamia kwangu.

REHE: Sijahama mahali. Chukua Hinari, ile ya Shirika la Afya Duniani, toka 2002, hospitali na vyuo vya nchi kama zetu wanasoma majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo, makala ambazo mtu wa nje anadaiwa dola thelathini na kitu kwa moja. Imekuja, iko pale. Ila inaandikishwa taasisi, si mtu, kwa hiyo nywila mara nyingi anayo mkutubi. Nesi wa zamu ya usiku anataka makala, mkutubi kaondoka saa tisa na nusu.

MUDI: Na ufunguo.

REHE: Na ufunguo! Hiyo ndo hoja yangu yote toka asubuhi.

MUDI: Na mi nakwambia hata mkutubi angekuwepo, nusu ya wale manesi wasingemuuliza, wangeonekana hawajui. Wangepigiana simu wenyewe kwa wenyewe, "eti we ulimpaje yule dozi?" Mtu anauliza aliye karibu. Mi thesisi ya babu nimewauliza watu saba kwenye grupu la ukoo kabla sijamuuliza yule mama, na yule mama sijamuuliza mpaka leo.

REHE: Kwa sababu mlangoni walishakuvunja nguvu.

MUDI: Kwa sababu ni mimi.

REHE: Mlangoni.

MUDI: Mimi.

REHE: Haya. Wadau mtatuamulia, msimwonee huruma kwa sababu ya maandazi. Saa ngapi hiyo?

MUDI: Sita na dakika kumi. Ijumaa leo, sita na nusu natakiwa niwe nimeshatawadha.

REHE: Na mafunzo matatu hatujagusa hata moja!

MUDI: Daftari liko kwenye begi.

REHE: Ulinitumia picha ya ile kurasa WhatsApp, ngoja. Hii hapa. "Funzo la kwanza: jinsi ya kumuuliza mkutubi ukapata unachotaka." (anacheka sana) Mudi! Umeandika wewe hii!

MUDI: Jumatatu hiyo. Kabla.

REHE: La pili limekatwa na kidole chako. La tatu silioni kabisa, ni kitambaa cha meza.

MUDI: La pili lilikuwa habari za majarida ya wazi, wiki ijayo basi.

REHE: Wiki ijayo utakuwa na begi?

MUDI: Jumatatu nakwenda.

REHE: Nikusindikize?

MUDI: Ukinisindikiza utasema ni mlangoni.

REHE: Nitakaa nje, sisemi kitu. Nitanunua maji pale kwa yule wa mihogo.

MUDI: Na barua ya serikali ya mtaa bado sijachukua, mwenyekiti wetu kasafiri.

REHE: Na muhuri?

MUDI: Kasafiri nao.

REHE: Sitasema kitu. Mnaona wadau? Sijasema kitu. Nirudishie kibati nikipige picha tuweke kava ya episodi.

MUDI: Usiipige upande wa nyuma.

REHE: Nyuma kuna nini? ...Mudi, huku imeandikwa 13.

MUDI: Ndo nakwambia, mi nikirudi pale hata sijui nitasema begi langu ni lipi.